Kaniki Irudishiwe Heshima Yake

Mwanamke akiingia duka la vitambaa Kariakoo akaulizia kanga, muuzaji atamshushia doti kadhaa na kumsomea majina yake moja baada ya jingine. Akitaka kitenge, atashushiwa majora mpaka meza ijae. Lakini akitamka kaniki, muuzaji humtazama usoni mara ya pili, na wateja walio karibu hugeuka. Kila mmoja ameshajijibu moyoni kwamba huyu ametumwa na mganga.

Kaniki haikustahili kufikishwa hapo. Ndiyo nguo iliyowavika wanawake wa pwani na wa bara wakiwa shambani, jikoni na baharini kwa zaidi ya karne moja. Imepangusa masizi, imebeba watoto mgongoni, imefungwa kiunoni na maelfu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Leo imebakizwa na maana moja mbele za watu, nayo ni ya kutilia shaka. Dai la makala haya ni kwamba kaniki ni vazi la kazi, na aibu iliyobandikwa juu yake ilitokana na hali walimowekwa waliolivaa. Aibu hiyo haikuwa yao, wala haikuwa ya nguo. Umefika wakati wa kuiondoa, na iondolewe kwa vitendo.

Kwa asiyeijua, kaniki ni kitambaa chepesi cha pamba kisicho na ua, pindo wala jina, kilichotiwa rangi ya nili ikakolea hata macho yakaiona nyeusi. Ikiwa mpya hukakamaa kwa wanga na kung'aa kidogo, na mtu akiifikicha kati ya vidole humwachia weusi wenye ubuluu kwenye ngozi. Kwa hiyo haivaliwi ikitoka dukani. Hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ikafuliwa peke yake mara mbili tatu huku maji yakitoka kama wino, kisha ikaanikwa kivulini. Baada ya hapo hulainika na kuuzoea mwili wa mwenyewe. Kila inapofuliwa inazidi kupauka, kutoka weusi wa tii hadi kijivu chenye ubuluu, na mwanamke mwenye kaniki mbili au tatu hujua ipi ni ya kwenda nayo kwa watu, ipi ya shambani, na ipi imebakia ya jikoni na kupangusia.

Haitaki fundi wala sindano. Huzungushwa chini ya kwapa na ncha ikachomekwa juu ya kifua, mabega yakabaki huru kwa jembe na mchi. Hufungwa lubega, ncha mbili zikakutana begani, pale inapotakiwa kufunika zaidi. Kazi ikiwa nzito hushushwa kiunoni na kukazwa kwa kibwebwe. Kwenye maji au matope hupitishwa katikati ya miguu ikapigwa winda, mvaaji akachuchumaa na kuinuka bila nguo kumzonga. Kipande kimoja cha kitambaa kikawa magauni manne, kwa kukifungua na kukifunga upya tu.

Uzuri wa vazi hili huonekana kazini. Kwenye vijiji vya pwani ya Unguja wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukweni, yakakaa huko miezi kadhaa mpaka nyama yake ikaoza na kuachia nyuzi. Siku ya kuyafukua hutoka meusi, yanachuruzika, na harufu yake haimtoki mtu kwa kuoga mara moja. Yanapigwa kwa gongo, yanachambuliwa, yanaanikwa, ndipo zinapatikana nyuzi za usumba za kusokotea kamba. Kazi hiyo hufanywa kwa kukaa chini kabisa, miguu imenyooshwa, matope yakiruka hadi usoni. Nguo nyeupe ingekwisha siku hiyo hiyo. Nguo ya maua ingelilia sabuni. Kaniki hupokea matope hayo ikayafanya yake, na jioni ikisuuzwa baharini inarudi kama ilivyokwenda.

Ndivyo ilivyo pia kwa utomvu wa ndizi, ambao ukiganda kwenye nguo haung'oki, na kwa mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi na kuacha doa la kudumu. Wachambuaji wa karafuu kule Pemba, wanaokaa usiku wakitenga karafuu na vikonyo vyake, huamka na mikono iliyogeuka rangi, na nguo vilevile. Jikoni kuna masizi ya chungu na ya sufuria. Ufukweni kuna wanawake wanaotanda uduvi na dagaa kwa vitambaa chakavu, wawili wawili wakiwa kwenye maji ya kiunoni, wakikivuta kitambaa polepole kuelekea nchi kavu; nguo waliyojifunga na nguo ya kuvulia hazitofautiani sana kwa umri.

Kaniki haikuishia kuvaliwa. Ilivingirishwa ikawa ngata ya kubebea ndoo na kuni. Ilikuwa mbeleko. Ilitandikwa chini, unga na mpunga vikaanikwa juu yake, na weusi wake ulikusanya joto la jua vizuri kuliko mkeka. Ilipochakaa kabisa ilichanwa ikawa sodo, na weusi ule ule uliositiri matope ukasitiri hedhi, wakati ambapo pedi za dukani hazikujulikana na hata zilipojulikana hazikununulika. Mambo haya husemwa kwa sauti ya chini, lakini ni sehemu ya historia ya wanawake wa nchi hizi, na hakuna sababu ya kuyaficha.

Asili ya nguo hii inaanzia mbali. Katika karne ya 19 soko la Unguja lilitawaliwa na vitambaa viwili vya kazi. Cha kwanza ni merikani, pamba nene isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya jimbo la Massachusetts, hasa baada ya Edmund Roberts kufunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833 kwa niaba ya Marekani. Cha pili ni kaniki, pamba nyepesi iliyotiwa nili, iliyoletwa kutoka India na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat ambao tayari walikuwa na maduka na mizizi Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata pamba na meli, viwanda vya Bombay vilipata nafasi ya kujipenyeza, na vikaitumia.

Inafaa kukumbuka kwamba wanunuzi wa huku hawakuwa wa kupokea chochote walicholetewa. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameeleza kwa kirefu jinsi matakwa ya watu wa Afrika Mashariki, upana wanaoutaka, uzito wanaoupenda, rangi wanayoikataa, yalivyowalazimisha wenye viwanda wa Salem, Massachusetts, na baadaye wa Bombay kubadili wanachotengeneza. Jora lisilopendeza Unguja au Tabora lilirudi na mwenyewe. Mwanamke wa kijijini, akivuta kitambaa kwa mikono miwili kupima uimara wake, alikuwa na sauti katika biashara iliyovuka bahari mbili.

Misafara iliibeba kaniki hadi Ujiji na zaidi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliiorodhesha pamoja na merikani miongoni mwa nguo ambazo msafara haukuweza kuondoka bila kuzibeba. Henry Morton Stanley, mwaka 1871, alihesabu gharama za safari yake kwa doti na shuka: shuka mikono minne, doti mikono minane. Ni kwa nguo chakula kilinunuliwa, wapagazi wakalipwa, na watemi wa Ugogo wakapewa hongo ya kuruhusu msafara kupita na kunywa maji ya visima vyao. Kaniki ilikuwa fedha. Mtu aliweza kuihesabu, kuikopesha, kuiwekea akiba, na mwisho wa yote kuivaa.

Hapo ndipo historia yake inapoingia mahali pa uchungu. Merikani na kaniki ndizo nguo walizovishwa watumwa wa mashamba ya mikarafuu na ya minazi. Unguja ya wakati huo ilimsoma mtu kwa nguo kabla hajafungua kinywa. Mtumwa hakuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Kanzu, kofia, joho, kilemba, shela, kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Mwanamke aliyejifunga kipande kimoja chini ya kwapa, mabega wazi na kichwa wazi, alijulikana kwa umbali wa mtaa mzima kuwa ni wa nani na ametumwa wapi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Katika miaka hiyo ya kati, watu walioachwa huru walianza kujivua utumwa kwa nguo. Laura Fair, aliyeandika juu ya mavazi ya Unguja baada ya utumwa, ameonyesha hatua zake: wanawake waliochukua merikani waliyovishwa na kuitia nili kwa hiari yao ikawa kaniki, kisha wakaanza kuipamba na kuipiga chapa, kisha kanga za rangi zilizochapwa ng'ambo zikaingia na kuuteka mji mzima. Wanaume nao wakakimbilia kanzu na kofia.

Hatua ile ya kwanza ndiyo inayosahaulika. Ingawa kaniki ilikuwa miongoni mwa nguo walizovishwa watumwa, kwa baadhi ya wanawake ilikuwa njia ya kwanza ya kukataa nguo waliyochaguliwa. Walichovya merikani kwenye nili, wakaitoa ikiwa nguo nyingine. Anayeionea haya kaniki leo anawageuzia mgongo wale waliothubutu kwanza.

Kanga ilipopanda, kaniki ilishuka. Ikabaki kwa maskini, kwa watu wa shamba, kwa wanaotoka kazini. Na mfano wa wazi kabisa wa namna ilivyogeuzwa kuwa silaha ni maisha ya mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, kwa wazazi waliotoka katika utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Sauti yake ikamfikisha mbele ya matajiri na masultani, na mwaka 1928 ikampeleka Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV, sahani zilizouzwa pwani yote na kusikilizwa vibarazani na mikahawani.

Washindani wake waliposhindwa kumpiku kwa sauti, walimtungia wimbo wa kumkejeli. Katika mambo yote ambayo wangeweza kumtupia, walichagua kaniki: kwamba alitoka shamba amejifunga kaniki, na lau si sauti asingekuwa na chakula. Unguja nzima ililielewa tusi hilo bila kufafanuliwa. Siti alijibu kwa wimbo pia. Hakukana kwamba aliivaa. Hakusema kwamba sasa anavaa hariri. Alisema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, na hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, aliona makuu yanayostahili kitabu katika maisha ya mwanamke huyo wa Fumba, na baadaye Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Yaani tusi lilishajibiwa. Lilijibiwa hadharani na msanii mkubwa kuliko wote wa zama zake, na jamii nzima ikampigia makofi. Inashangaza kwamba dharau kwa nguo yenyewe iliendelea kama vile hajasema kitu.

Iwekwe kaniki kando ya jinzi ili dhuluma ionekane vizuri. Tarehe 20 Mei 1873, wiki mbili tu kabla ya Barghash kutia saini mkataba wake, fundi cherehani Jacob Davis wa Nevada na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipata hataza ya kuimarisha suruali za kazi kwa vijipini vya shaba. Kitambaa kilikuwa pamba. Rangi ilikuwa nili. Wavaaji walikuwa wachimba madini, wachunga ng'ombe na vibarua wa reli, watu ambao hakuna aliyetamani kufanana nao. Nguo mbili za rangi moja, za wakati mmoja, za watu wa tabaka moja. Moja ikapandishwa na filamu, muziki na matangazo ikawa vazi la dunia. Madoa yake ya kupauka, yaliyokuwa ushahidi wa jasho, sasa hutengenezwa kiwandani na kulipiwa. Nyingine ikaachwa. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa huchambua marobota ya mitumba akitafuta jinzi iliyopauka vizuri magotini, na hajui kwamba bibi yake alikuwa na nguo iliyopauka hivyo hivyo kwa kazi ya kweli.

Tofauti ya hatima hizo mbili haikutokana na ubora wa kitambaa. Jinzi ilikuwa na wenye viwanda, wasanii na wauzaji waliokubali kwamba nguo ya kibarua inaweza kuwa fahari. Kaniki haikupata wa kuitetea.

Iliyempata ni mganga, na hapa inabidi kusema kwa uangalifu. Rangi tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, zina nafasi ya zamani sana katika ibada za watu wengi wa Afrika Mashariki na Kati, tangu kabla ya vitambaa vya dukani. Bafta nyeupe, bendera nyekundu na kaniki nyeusi zilipofika zilijaza nafasi hizo. Pepo hutaka nguo yake, na nguo hiyo mara nyingi ni kaniki. Hilo halikanushiki. Lakini kudhani kwamba weusi katika mila hizo ni rangi ya shari ni kutojua mila zenyewe. Kwa Wagogo, wanaoishi kwenye nchi kame ya Dodoma, weusi ni rangi ya wingu lenye mvua. Mnyama wa kuombea mvua ni mweusi. Kinachoombwa kwa rangi hiyo ni uhai: mtama kuota, maziwa kupatikana, visima kujaa.

Mfano mwingine uko Kenya, katika misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni anayetaka kuingia Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupewa kitambaa cheusi ajifunge kiunoni kabla ya kuvuka mlango wa msitu. Profesa hufungwa. Mtalii aliyevaa kaptula hufungwa. Mbunge hufungwa. Mbele ya wazee wa kaya wote wanasimama wamevaa kitu kimoja kisicho na pambo, na hakuna anayelalamika kwamba amedhalilishwa. Kitambaa kile kile ambacho mjini kinamfanya mtu atiliwe shaka, pale ni sharti la adabu.

Madhara ya kuifungia kaniki kwenye uganga peke yake si madogo. Kwenye mikutano ya maombezi huchomwa moto pamoja na hirizi na tunguri, kana kwamba uzi wa pamba una dhambi. Kuna mikoa ya Tanzania, hasa kanda ya ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka yote. Katika hali kama hiyo, kila alama inayoongezwa kwa mwanamke mzee maskini ni hatari kwake. Kumwona bibi amejitanda kitambaa cheusi na kufikiri uchawi, badala ya kufikiri kazi aliyoifanya maisha yake yote, ni ujinga unaoweza kumwaga damu. Viongozi wa dini wana wajibu hapa. Wanaweza kuhubiri dhidi ya ushirikina kwa nguvu zao zote bila kuichoma nguo ya kazi ya mama zao.

Kuna watakaosema haya yamepitwa na wakati: wanawake wa leo wana dera, wana kanga, wana suruali za michezo, na mkulima wa mwani kule Paje au Jambiani huingia majini na chochote alichonacho. Ni kweli, na hakuna anayetaka kumrudisha mtu kwenye kaniki kwa nguvu. Serikali ya Tanzania ilishajaribu kuwavalisha watu kwa amri, kwa Wamasai mwaka 1967 na 1968 walipotakiwa kuacha mavazi yao, na kwa wasichana wa mjini katika Operesheni Vijana iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, na zote mbili hazikuacha kumbukumbu nzuri. Nguo haipati heshima kwa askari. Hupata heshima kwa kuonyeshwa, kufundishwa, kutengenezwa vizuri na kuvaliwa na wanaopenda.

Kwenye kuonyeshwa, hali ni duni. Kanga ina maonyesho, vitabu na siku zake, na inastahili. Kaniki hutajwa ndani ya masimulizi ya kanga kama ngazi iliyokanyagwa njiani. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, Makumbusho ya Kijiji, Ngome Yesu na Makumbusho ya Lamu ni mahali ambapo kaniki ingeweza kupewa kabati lake: mpya kando ya iliyopauka, ngata iliyovingirishwa, mbeleko, winda lililofungwa kama linavyofungwa, na maelezo ya kazi iliyofanywa ndani yake. Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, wageni wa mataifa yote huzitazama sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni na kuondoka na picha ya mateso. Wangeondoka pia na habari ya walichofanya watu hao walipoachwa huru, mkono ukiwa ndani ya pipa la nili. Zanzibar inadaiwa hilo na watu wake kabla ya kudaiwa na watalii.

Jambo la kukusanya lina haraka. Jinsi ya kufunga, kufua, kutunza na kugeuza matumizi ya kaniki imo mikononi mwa wanawake wa umri wa miaka sabini na themanini. Mwanafunzi wa sekondari aliyepewa kazi ya historia ya kumhoji bibi yake kuhusu nguo alizovaa kazini atarudi darasani na mambo yasiyopatikana katika kitabu chochote cha kiada: nani alimnunulia, kwa mauzo gani, ilidumu misimu mingapi, na watoto wangapi walibebwa ndani yake. Mtaala hauhitaji kubadilishwa kwa hilo. Mwalimu mmoja mwenye nia anatosha.

Kisha kuna uchumi, na pengine hapa ndipo hoja ilipo na nguvu zaidi. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, na sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje ikiwa imechambuliwa mbegu tu, bila kusokotwa wala kufumwa. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilijengwa ili pamba ya nchi iwavike wananchi wa nchi, na vingine vikajengwa Mwanza na Musoma. Vingi vya zama hizo vilidhoofika au kufungwa. Kitenge na kanga zinadai michoro mipya kila msimu na rangi nyingi kwenye mashine. Kaniki inadai uzi, mfumo wa kawaida na rangi moja. Hakuna nguo iliyo rahisi zaidi kuanzia kwa kiwanda kidogo kinachotaka kusimama. Nyingi zinazouzwa sasa zimetiwa weusi wa kemikali unaochujuka vibaya. Nili ya asili ilianza kusukumwa pembeni tangu kampuni ya Kijerumani ya BASF ilipoingiza sokoni nili ya kiwandani mwaka 1897, lakini mimea ya nili huota Afrika Mashariki, na mafundi wa batiki wa Bagamoyo, Dar es Salaam na Nairobi wanajua kazi ya kuchovya. Wakipatiwa pamba nzuri ya Simiyu, wanaweza kutoa kaniki ambayo Burton asingeweza kuinunua kwa doti mia za merikani.

Wabunifu wa mavazi nao wasikilize. Kenya ilitafuta vazi la taifa kwa mashindano makubwa mwaka 2004, likapatikana la kuzindulia na halikushika mitaani. Tanzania imeunda kamati na kujadili kanga, kitenge na shuka, na mjadala hurudi kila baada ya miaka michache. Katika michoro mingi iliyopendekezwa, wingi wa rangi na mapambo ya ufahari umepewa kipaumbele, kana kwamba taifa ni sherehe wakati wote. Aproni ya mpishi, ovaroli ya mkulima wa mbogamboga, shati la fundi, gauni pana la mjamzito, vyote hivyo vingeweza kushonwa kwa kaniki, vikawa imara, vya bei ya kulipika, na vikapauka kwa uzuri kadiri vinavyofanyishwa kazi.

Hayo yote yataanzia dukani. Muuza vitambaa anayeulizwa kaniki angemuuliza mteja swali la kawaida tu la biashara: ya mita ngapi, na ya kazi gani. Akijibiwa kwamba ni ya mganga, amuuzie. Akijibiwa ya shamba, ya jikoni, ya kubebea mtoto, amkatie na amkumbushe kuiloweka kwenye chumvi kabla ya kuivaa.